Ardhi ya Mzee Bonaventure, Vijidudu Vyangu

Jumatatu, 1 Julai 2024. Kiringye

Majirani wamechoma mashamba tena. Tangu asubuhi moshi, pande zote tatu. Upande wa nne ni barabara. Nguo nilizoanika zimenuka, nimezifua tena. Bure — zimenuka tena.

Shamba langu peke yake halijachomwa. Kote kweusi, lenyewe liko na rangi ya maganda ya mpunga, kama mtu aliyekuja msibani na nguo ya arusi.

Naandika "langu". Si langu. Ni la Mzee Bonaventure. Alinipa miaka mitatu iliyopita juu hakuna mtu aliyelitaka: gumu, la kijivu, mvua ikinyesha maji yanateleza juu yake kama juu ya sahani. Mapatano yetu: kila mavuno, fungu moja kati ya matatu ni lake. Karatasi hakuna. Neno tu. Na mimi, mtoto wa wachuuzi wa Mulongwe, mjini Uvira, niliyelelewa kati ya magunia ya chumvi na samaki wa ndagala, nikashika jembe na miaka arobaini na tatu! Mto ulikuwa umebeba kibanda changu cha biashara chote. Nilitaka kazi ambayo maji hayawezi kuibeba.

Leo Chance alikuja na pikipiki yake. Ni agronome, mtaalamu wa kilimo wa chama chetu cha wakulima, binti mdogo mwenye sauti kubwa. Ndiye alinifunza yote: usichome, usiache udongo uchi, changanya kunde na mahindi, lundika samadi na maganda vioze pamoja. Cahier hii ninamoandika pia ni yake, alinipa niandike mvua na mbolea. Mvua hakuna. Basi naandika haya.

Alileta vitambaa viwili vya pamba, vyeupe, vipya. Kimoja tumezika mu shamba langu, chini kama urefu wa kiganja. Kingine ng'ambo ya mfereji, kwa Geneviève, mwenye nyumba ninamopanga, ambaye anachoma kila mwaka. Tutafukua mwisho wa Agosti. Chance anasema udongo ulio hai utakula kitambaa. Uliokufa utakirudisha.

Geneviève alicheka mpaka akakaa chini. "Leo munazika nguo. Kesho mutazika sufuria!"

Nikacheka naye. Lakini tangu saa ile situlii. Na kama changu kitatoka kizima?

Alhamisi, 11 Julai 2024. Uvira

Nimeshuka mjini kutafuta taka za samaki. Vichwa, matumbo, ndagala zilizoharibika — wanawake wa ufukweni wananipa wakishukuru. Magunia manne.

Kaka yangu Abdoul-Karim amenikuta nayafunga mbele ya duka lake, Mulongwe. Wateja wakaziba pua. Akaniuliza ni ya nini mara hii. Nikamweleza: kulisha vijidudu vya udongo. Ma-microbe. Kila mwaka hapa tunapigana na kipindupindu, akasema, tunachemsha maji, tunatia dawa, tunazika watu — na weye, Zaina, unafuga microbe?

Wateja wakaangua kicheko. Nikasema si hao. Hawa wanageuza taka kuwa chakula. Udongo bila wao ni vumbi tu.

Akawageuzia wateja mgongo. Halafu pole pole: kuna nafasi dukani. Mwanao Tambwe yuko Kalemie na mke wake, hana haja ya mahindi yako. Rudi. Mtu wa ziwa anatafuta nini kule bondeni?

Nikaendelea kufunga magunia. Yeye hunipata hivyo kila mara, akiongea pole pole.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari alitaka kuona magunia yana nini. Akafungua moja. "Pita! Pita na hiyo kitu yako!" Dereva wa lori lililonibeba alicheka mpaka Sange.

Jumamosi, 20 Julai 2024. Kiringye

Sévère amerudi. Mtoto wa kwanza wa Mzee Bonaventure, alikuwa Lubumbashi miaka kumi na mbili. Kazi imekwisha. Amekuja na mke na watoto wanne.

Alipita shambani na baba yake saa nne. Salamu nzuri, heshima nzuri. Akapiga magoti na suruali yake safi, akasogeza maganda, akaingiza mkono. Ukazama mpaka kwenye saa. Akautoa, udongo mweusi umeshikana mu kiganja kama unga uliokandwa, na nyungunyungu mmoja anajinyonga katikati ya vidole.

"Papa, si ulisema hili lilikufa?"

"Lilikufa," Mzee akajibu. Hakunitazama.

Mzee Bonaventure hunitazama siku zote.

Jumapili, 21 Julai 2024

Wameenda misa wote. Nimezunguka shamba mara tano. Sina kazi pale. Nimegeuza lundo la mbolea ambalo niligeuza Ijumaa. Lina moto ndani, mkono hauvumilii. Vizuri. Angalau kitu kimoja kinafanya kazi yake.

Jumatano, 24 Julai 2024

Amekuja mwenyewe. Nilimpa kiti, akakataa. Mtu akikataa kiti chako ujue.

"Mama Tambwe, minye niko muzee. Mutoto amerudi. Iko na watoto, iko na njaa. Anataka kupanda vitunguu. Lile shamba nilimuwekea yeye tangu alipozaliwa."

Akaendelea: weye nitakupa ingine. Lile la chini, kuelekea mto Ruzizi.

Nalijua lile la chini. Kila mtu analijua. Jeupe kwa chumvi, jua likipiga utafikiri mtu amemwaga unga. Hata ng'ombe hawasimami pale.

Nikamwuliza, na miaka yangu mitatu?

"Ulikula mavuno, mama."

Ni kweli. Nilikula. Na yeye alikula fungu lake. Lakini kile nilichoweka chini — samadi niliyobeba kichwani kutoka zizi la mfugaji Nsengiyumva, magunia ya samaki, maganda, majani, mgongo wangu — hicho hakuna aliyekila. Kiko pale. Kinabaki pale. Anakipata Sévère!

Sikusema hayo. Nilisema, "Nimesikia, Mzee." Akaenda. Kisha yakaja maneno yote, mazuri, yamepangwa, na hakuna mtu wa kuyasikia isipokuwa kuku wa Geneviève.

Ijumaa, 26 Julai 2024

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika ili nisijidanganye baadaye.

Asubuhi Geneviève aliniambia, anatwanga majani ya sombe, hata hakuinua kichwa: choma. Washa moto, ondoka. Walikupa majivu, warudishie majivu.

Nilimwambia anyamaze. Nikasali. Kichwa hakikuwa kwenye sala. Saa tisa nilikuwa mu kona ya juu ya shamba na kiberiti mkononi. Jua kali. Maganda makavu kama karatasi. Nikawasha.

Ulikuwa mdogo. Ulitambaa. Halafu upepo ukatoka ziwani na ukawa si mdogo. Nikasikia ile sauti — kama mtu anatafuna. Nikafikiria walioko chini ya yale maganda. Sijui kwa nini niliwafikiria hao na si Sévère. Nikaruka juu ya moto na kandambili zangu, nikakanyaga, nikakanyaga, nikavua kitenge nikapiga nacho.

Umezimika. Umekula kipande cha ukubwa wa kitanda. Mguu wa kulia umeungua, unyayo wote malengelenge. Kandambili moja imeyeyuka.

Geneviève amenipaka asali, hakuuliza kitu.

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mguu unapona. Chance amekuja, nimemweleza yote isipokuwa moto. Aliona kile kipande cheusi. Alikitazama muda mrefu.

Nikamwuliza kitu kimoja tu: je, mtu anaweza kuhama nao? Hao wadogo?

Akasema ndiyo, kiasi. Wote hapana. Lakini ukichukua udongo kidogo kutoka mahali palipo hai, ukauchanganya mu lundo jipya la mbolea, ukalipa maji na kivuli na chakula — wanaongezeka. Kama chachu ya mandazi. Hubebi mandazi. Unabeba chachu.

"Lakini lile la chini, mama, chumvi yake ni kali. Itabidi kwanza mufereji wa kuitoa, na mbolea nyingi, na majani juu. Mwaka mmoja hautoshi. Hata miwili."

Miaka! Kila mtu ananiambia miaka kana kwamba iko inauzwa sokoni.

Lakini usiku nimelala vizuri. Mara ya kwanza tangu yule kijana aingize mkono.

Ijumaa, 9 Agosti 2024

Magunia sita. Sijachimba sana — juu juu tu, huku na huku, nikafunika nilipotoa. Uzito wake! Na harufu — kama mvua ya kwanza, mu Agosti hii kavu.

Mama mmoja alipita na kuni, akasimama. "Unabeba nini, mama?" Udongo, nikasema. Hakujibu salamu ya kwaheri.

Saa sita kijiji chote kilikuwa kimejua.

Jumatano, 14 Agosti 2024

Wanasema natoa nguvu ya shamba. Kwamba ndiyo maana mashamba yao yamechoka na langu limenenepa: nilivuta rutuba yao chini chini miaka mitatu, sasa naifunga mu magunia kupeleka Uvira kwa ndugu zangu. Kisimani leo wanawake walinyamaza nilipofika. Ile kunyamaza! Heri matusi.

Neno uchawi hakuna aliyelisema mbele yangu. Linatembea tu nyuma.

Geneviève ameniambia jirani alimshauri anitoe nyumbani. Alimjibu nini? "Nilimuambia unalipa kwa wakati na haukojoi kitandani." Nimecheka. Halafu nimelia. Halafu nimekasirika kwa kulia.

Jioni convocation, karatasi ya wito: Jumanne ijayo, saa tatu, kwa Basile, chef wa kijiji. Mshitaki ni Sévère. Kosa: kuiba udongo.

Jumanne, 20 Agosti 2024

Niandike kwa utaratibu.

Baraza lilijaa. Chef Basile kwenye kiti chake cha plastiki, daftari, miwani yenye kamba. Mzee Bonaventure mbele. Sévère amesimama. Mimi peke yangu kwenye benchi — watu waliacha nafasi ya watu watatu kila upande.

Sévère aliongea vizuri, Kiswahili cha mjini. Hasemi uchawi, alisema, watu ndio wanasema. Yeye anasema wizi. Ardhi ni ya baba yake. Udongo ni ardhi. Magunia sita ya udongo ni magunia sita ya ardhi. Akakaa.

Chef akaniuliza, nilichukua au sikuchukua? Nilichukua, nikasema. Makelele! Mama mmoja nyuma akapiga yowe, mumeona, mumeona, amekubali mwenyewe!

Hapo ndipo Chance alisimama — alikuwa amefika kwa kuchelewa, vumbi mpaka kwenye kope — akaomba ruhusa. Tuna vitambaa viwili ardhini, akasema. Muda haujatimia, lakini twende tuone.

Chef anapenda mambo ya kujionea kwa macho. Akafunga daftari. Twende!

Tukaenda wote, kama mazishi. Kwanza kwa Geneviève. Chance akachimba, akavuta. Kitambaa kikatoka kizima. Kichafu, ndiyo, lakini kizima. Geneviève akakikung'uta, mtu angeweza kukifua akafunika nacho mtoto. Watu wakatikisa kichwa, wakaona kawaida.

Kisha kwangu. Mimi mwenyewe nilichimba. Nilichimba kiganja kimoja — hakuna. Nikapanua. Hakuna. Nikafikiri, wamekiiba! Wamekuja wakakitoa! Halafu vidole vikagusa uzi. Nikavuta. Pindo tu. Ule mshono wa pembeni, wa nylon, wa mraba, kama fremu ya picha bila picha. Katikati hakuna kitu. Mizizi midogo na weusi.

Watu wakasogea, wakainama juu ya shimo.

Kisha ile sauti ya nyuma: "Vimekula nguo! Vitaacha kula muntu?"

Vicheko, lakini vya woga. Chance akapanda juu ya jiwe. Ndiyo, akasema, vinakula — vinakula kila kilichokufa. Majani, mabua, samadi. Vinakigeuza kuwa chakula cha muhindi. Sisi tukichoma, tunawachoma wao kwanza, halafu tunashangaa shamba kuchoka. Huyu mama hakuvuta rutuba ya mtu. Aliifuga, hapa hapa, mbele ya macho yenu, na mlimcheka.

Chef Basile alichukua pindo akalizungusha mbele ya miwani yake. "Ardhi iko ya Bonaventure," akasema. "Hiyo haina maneno. Lakini hivi vidudu — nani aliviweka?"

Akawageukia waliosimama mbele.

"Sévère. Weye uliviweka?"

"Hapana, chef."

"Bonaventure?"

Mzee alikuwa ameinama. Ana udongo kiganjani, anaunusa. Akasema, kama kwa nafsi yake, mama yangu alikuwa na shamba lenye harufu hii. Kabla hatujaanza kulima kila mwaka bila kupumzisha. Nilikuwa nimesahau.

Hukumu: shamba linarudi kwa Sévère. Mimi nichukue magunia yangu sita, nisiongeze la saba. Nihamie lile la chini. Na mtu asimwite mwenziwe mchawi juu ya mbolea.

Nimeshinda? Nimeshindwa? Niko natembea chumbani, hatua nne kwenda, nne kurudi.

Jumamosi, 31 Agosti 2024

Amechoma. Sévère. Lote.

Niliona moshi kutoka kule chini, nikajua kabla sijanyanyuka. Sikwenda. Ni lake. Anataka ardhi safi ya vitunguu, ndivyo alivyosema kwa Geneviève, safi kama kiwanja cha mpira.

Nilitaka kumchukia, ikashindikana. Nilichowasha Julai na alichowasha leo ni moto mmoja. Tofauti ni kwamba wa kwangu ulikuwa wa makusudi mabaya, na wake ni wa kutojua. Nani mbaya zaidi?

Jumapili, 1 Septemba 2024

Nimechimba mfereji kule chini. Mita thelathini. Udongo wa hapa unalia kwenye jembe kama bati. Jioni mikono imekataa kushika kijiko.

Jumatatu, 16 Septemba 2024

Mvua! Ya kwanza. Saa nane na nusu, kutoka milima ya Burundi, kubwa, bila onyo.

Nilikuwa kule chini. Nimesimama ndani yake kama mwendawazimu, natazama mfereji. Maji yalijaa, yakasimama — usinifanyie hivi, nikasema kwa sauti — kisha yakaanza kwenda. Nimeonja kwa kidole. Chumvi! Inatoka! Nimepiga kelele peke yangu.

Malundo yangu mawili ya mbolea niliyofunika na bâche ya plastiki yako salama. Niliyapa ile chachu, magunia yote sita. La kwanza limeshapata moto.

Nilipopanda barabarani nikaona maji yanayoshuka kutoka shamba la juu. Meusi. Si rangi ya kahawia — meusi. Nilijua ni nini. Miaka mitatu inapita mbele ya miguu yangu ikielekea Ruzizi, na kutoka Ruzizi ziwani. Niliinama nikashika kiganja kimoja. Kikapita kati ya vidole.

Alhamisi, 19 Septemba 2024

Kitalu cha vitunguu cha Sévère kimelala. Nusu kimebebwa, nusu kimefungwa chini ya ganda gumu, miche haiwezi kutoka. Amepasua ganda kwa jembe, limekata miche. Mke wake alikuwa analia barabarani, mtoto mgongoni. Nilimsalimia. Alijibu.

Geneviève hajachoma mabua ya mahindi ya nyuma ya nyumba yake. Ameyalaza chini. Nikamwuliza ni kwa nini. Akasema mgongo unamuuma, hana nguvu ya kuchoma. Uongo mtupu! Nimemwona juzi anazika kitambaa. Alichana shati la zamani la marehemu mume wake.

Ijumaa, 27 Septemba 2024

Sévère alikuja kule chini leo. Bila ile suruali safi. Alisimama nje ya mfereji, hakuvuka.

"Mama Tambwe. Shikamoo."

Nikaendelea kutandaza majani. Marahaba.

Akatazama malundo. Akatazama kunde zangu. Mistari mitatu imeota, midogo, ya njano pembeni, lakini imeota, mahali ambapo hakuna kilichowahi kuota. Mistari mingine mitano imekufa. Aliiona yote, mizima na mifu.

"Vile vidudu," akasema. "Vinakulaka nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa pole. Kwa swali hili sikuwa tayari.

Hasira ilipanda mpaka kwenye masikio. Sasa unauliza! Ulikuwa wapi na swali hilo mu Julai? Lakini mdomo ulisema kitu kingine. Ulisema: nitakuonyesha yote. Malundo, kunde, kufunika, yote, nitakuja shambani kwako mwenyewe. Lakini kwanza karatasi. Hili la chini nikilitengeneza litakuwa zuri. Likiwa zuri utakuja na suruali safi. Wewe au mdogo wako. Nataka karatasi yenye muhuri wa chef, na miaka imeandikwa ndani.

Akasema ardhi ya familia haiandikiwi mgeni.

Nikasema basi vijidudu vya mgeni haviulizwi vinakula nini.

Akaondoka. Nimekaa juu ya jembe. Nimeharibu? Ningesema taratibu. Abdoul-Karim angesema taratibu.

Jumamosi, 28 Septemba 2024

Mzee Bonaventure alifika asubuhi, peke yake, na fimbo yake. Mwendo wa saa nzima kwa miguu yake. Safari hii alikaa — chini kabisa, kwenye majani.

Nikamwambia jambo la ule moto wa Julai. Sikupanga. Lilitoka tu. Kwamba niliwasha, mimi, shambani kwake.

"Niliona," akasema. "Niliona na vile ulicheza ngoma juu yake."

Alikuwa barabarani siku ile! Ameona yote, amekaa kimya miezi miwili, hata mbele ya chef. Ningefungwa.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akachokonoa udongo na fimbo. Akasema mtu wa kuchoma anajulikana, na mtu wa kuzima anajulikana.

Akaomba maji. Akanywa. Akaenda.

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Naandika kwenye benchi la nje, kwa chef. Wameniambia ningoje. Wako ndani: chef Basile, Mzee, Sévère. Mlango ni wa pazia tu, nasikia karibu yote.

Karatasi iko. Imeandikwa na katibu, majina yote, langu kwa herufi kubwa. Mipaka: mfereji wangu, barabara, mti wa mkaratusi. Fungu la mavuno kama zamani. Na mimi nimfundishe Sévère misimu miwili. Pamebaki nafasi moja tupu — miaka.

Sévère amesema mitatu. Mzee amesema kumi. Sévère: Papa, miaka kumi mimi nitakuwa mzee! Mzee: na mimi nitakuwa chini, nitakuwa chakula cha vile vidudu, basi niache niseme.

Chef amecheka. Sévère hakucheka. Amesema kitu kwa Kifuliiru, lugha yao, haraka, sikukamata. Mzee amejibu kwa sauti ya juu.

Wingu limekaa juu ya milima. Sijafunika mistari ya chini. Ikinyesha kabla sijafika, mbegu zote zitaelea. Ningekuwa na akili ningeondoka sasa hivi. Nimesimama mara mbili. Nimekaa mara mbili.

Pazia limefunguka. Mzee Bonaventure mwenyewe, ameshika kalamu. Nyuma yake Sévère, mikono mfukoni, anatazama ukuta.

"Mama Tambwe," amesema. "Sisi tumeshindwa. Weye unaona huu udongo unahitaji miaka ngapi?"

Nilikuwa na jibu. Nimelirudia njia nzima. Kumi! Kumi, wala usishuke. Lakini hakuuliza ninataka ngapi. Ameuliza udongo unahitaji ngapi. Nafikiria ile ladha ya chumvi kwenye kidole. Mistari mitatu mizima, mitano mifu. Nina miaka arobaini na sita. Ukweli wake ni zaidi ya kumi. Nikisema ukweli, Sévère atachana karatasi. Nikisema kumi, nitakuwa nimedanganya mtu pekee aliyeuliza.

Nimemwomba dakika moja, niandike hesabu. Siandiki hesabu. Tone la kwanza limeanguka kwenye ukurasa huu. Mzee bado amenyoosha kalamu.